Pasi Zote Kushoto

Shida yangu ilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa kwa homa, wajomba wakagawana mashamba, na mimi nikatolewa shuleni darasa la tatu, nikapelekwa Uvira mjini kwa fundi wa viti, ili chakula cha nyumbani kiwatoshe waliobaki. Yule fundi hakunifundisha kitu. Alinipa ufagio. Nikafagia vumbi la mbao mpaka likanijaa kifuani, huku jicho langu liko kwenye mikono yake: anavyovuta mkanda, anavyofunga springi, anavyokunja kitambaa kwenye kona. Siku aliyolazwa hospitalini, padri mmoja alileta kiti chake kilichozama katikati. Nikakitengeneza mwenyewe. Padri akaketi, akajizungusha, akasema asante. Hakuna aliyenipa nafasi. Niliichukua.

Nayaweka haya mbele ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeinua mkono mwaka 2017 kumkataa yule kijana.

Wakati huo nilikuwa nimeshakaa Johannesburg miaka mingi. Karakana yangu iko Bertrams, nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, karibu na ule uwanja mkubwa ambao siku za mechi unatuzibia barabara zote. Natengeneza makochi. Mtu akiwa na kochi lililochoka, nalivua nguo lote, nabaki na mbao, naanza upya. Watu wengi wa mji huu wameketi juu ya kazi yangu bila kujua, na jambo hilo linanifurahisha kuliko kama wangejua.

Jumamosi tulikuwa na timu ya mpira. Jumapili haikuwezekana, Jumapili ni ya kanisa, na kanisa letu likianza asubuhi halimalizi mpaka jua limeshuka. Timu ilikuwa ya watu wa Kiswahili: Wakongo, Warundi, Watanzania, na Mkenya mmoja aliyekuwa kipa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Kila mtu na Kiswahili chake. Tukigombana tulielewana vizuri zaidi.

Sasa, timu yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Wachezaji wote walichaguliwa na kocha, isipokuwa mmoja: namba kumi, yule wa katikati anayegawa mipira. Huyo alipigiwa kura. Maana ukimweka Mkongo, Warundi wanasema mpira hauwafikii. Ukimweka Mrundi, Wakongo wanakaa chini katikati ya uwanja, kweli kabisa, wanakaa kwenye majani kama watu wa pikniki. Timu ilitaka kuvunjika kwa ajili ya namba kumi. Ndipo tukaamua kila Ijumaa jioni watu watatu wapige kura, mmoja kutoka kila nchi, ukimwacha Mkenya wetu wa golini, wakiwa wamekaa kwenye kochi lolote nililokuwa nalitengeneza wiki hiyo.

Mkongo nilikuwa mimi. Mrundi alikuwa kocha mwenyewe, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa mwalimu wa shule kwao na hapa anauza mikanda na pochi Newtown. Tulimwita Mwalimu. Mtanzania alikuwa mama mmoja wa Kigoma mwenye jiko lake mtaa wa pili. Ndiye aliyewapikia wachezaji baada ya mechi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema mwanamke hajui mpira.

Namba kumi wetu alikuwa kinyozi, Mtanzania naye, kiti chake kiko kando ya barabara chini ya mwavuli. Umri ulikuwa umeshampita na tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia. Lakini pasi zake zilikuwa fupi na safi. Hakuna aliyempenda sana, hakuna aliyemlalamikia.

Halafu akaja yule kijana.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtu wa Bukavu, ameingia nchi hii mwaka uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya maduka, amevaa kile kikoti kinachong'aa, anawaonyesha watu kwa mkono warudi nyuma, warudi nyuma, simama. Mazoezini alikuwa ajabu. Mpira ulimkaa mguuni kama umefungwa. Kocha akamwingiza mechi mbili, dakika za mwisho, badala ya kinyozi. Mechi zote mbili, kila mpira mrefu alioupiga ulikwenda kushoto. Winga wetu wa kulia alisimama na mikono kiunoni kama mtu anayesubiri basi ambalo halipiti barabara hiyo. Mipira inatoka nje, inaingia barabarani, inapita chini ya magari.

"Dogo," kinyozi akamwuliza mbele ya watu wote, "huko kushoto kuna shangazi yako?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini masikio yake hayakucheka.

Ijumaa ya kwanza tulikaa kwenye kochi la kahawia nililokuwa nimelivua upande mmoja. Kocha, kwa kuwa ni mwembamba, alikaa upande wa mbao.

"Kijana amekuja kwangu," akaanza. "Bosi wake anamtaka kazini Jumamosi zote. Amempa mpaka Jumatatu ya wiki ile nyingine awe ametoa jibu. Kama atakuwa namba kumi wetu, atakataa. Kama ni kukaa benchi, atakubali, na mpira umekwisha kwake."

"Na wewe unasemaje, Mwalimu?" mama akauliza.

"Mimi nasema hapana. Namhurumia, lakini pasi zote kushoto, Mama. Zote. Sijaona mtu anayekosea kwa uaminifu namna ile."

"Mimi nasema ndiyo."

"Mama, kinyozi si mtoto wa kwenu?"

"Ni mtoto wa kwetu, na nampenda. Lakini akikimbia mara moja anatafuta kiti. Na anakula sahani mbili akicheza na sahani mbili asipocheza."

"Hii si kura ya ugali, Mama."

"Kila kura ni ya ugali, Mwalimu. Wewe umesoma, unajua."

Wakanigeukia. Nikainua mkono nikasema hapana. Nikasema nafasi haiombwi kwa kocha, mtu anaichukua, na huyu amepata dakika mara mbili hakuchukua kitu.

"Aichukue wapi, mzee wangu," mama akasema, "na nyie mmeikalia?"

Kura ile siijutii. Kwa yale niliyokuwa nimeyaona, ilikuwa ya haki.

Jumanne yake kijana alikuja karakana, na kikoti chake kinachong'aa bado mwilini. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Papa. Nasikia wewe ndiye ulikataa."

"Marahaba. Ndiyo, mimi. Na Mwalimu pia. Unataka kujua kwa nini?"

"Najua kwa nini."

"Basi shika upande ule."

Nilikuwa na kochi la watu watatu la kupeleka Kensington, mbao ngumu za zamani, zito kama ng'ombe aliyegoma. Mtu wangu wa kubeba hakuja. Tukalipakia kwenye bakkie yangu, gari langu dogo la mizigo, tukapita robot ya kwanza na ya pili, zile taa za barabarani, tukaanza kupanda. Kensington ni milima mitupu. Mtaa wenyewe tukaukuta umechimbwa kwa ajili ya mabomba, gari halipiti. Tukaliacha gari chini, tukabeba kochi kwa mikono. Mimi mbele kwa sababu ni langu, yeye nyuma kwa sababu ndiko kuzito.

Juu kidogo kulikuwa na watoto wamevaa sare za shule wanacheza mpira barabarani. Barabara ile ilipanda mbele, na tena ililalia upande wa kulia, kama meza iliyokatika mguu. Mpira ukawaponyoka, ukateremka mbio kutujia.

"Malume! Malume!" wakatuita. Maana yake mjomba, kwa Kizulu. Watoto wa hapa hata wa kwetu wanaita hivyo.

Kijana akashusha upande wake wa kochi kwenye ukingo wa barabara bila kuniambia, nikabaki nimeinama kama mtu anayesali. Akausimamisha mpira kwa mguu. Nikamwona anauangalia ule mtaa, mara moja tu. Akaupiga. Kushoto.

Nikasema moyoni, huyu hafai, hata watoto anawapotezea mpira.

Mpira ukapanda kushoto, ukapita mbali na watoto wote, ukaelekea kwenye ukuta wa nyumba za juu. Kisha ukapunguza mwendo. Ukawa kama unafikiri. Kisha ukaanza kukunja, polepole, ukafuata ulalo wa barabara, ukateremka kulia, ukapita kati ya mtoto na mtoto, ukaja ukasimama miguuni kwa kasichana kalikokaa golini kati ya matofali mawili. Kasichana hakakusogea hata hatua. Kaliutazama mpira. Kakatutazama sisi.

"Yoh," kakasema.

Mimi ni mtu wa kazi, si mtu wa kushangaa ovyo. Nimepita misitu na mipaka, nimeona mto umebeba nyumba. Lakini nilihisi nywele za mikono zimesimama. Nilikaa kwenye kochi la mteja pale pale barabarani, jambo ambalo sifanyi kamwe.

"Rudia," nikasema.

Watoto wakapiga makelele, wakamrudishia. Akarudia. Safari hii ukamwendea mvulana wa pembeni, kwa njia ile ile, juu kushoto, kisha unarudi wenyewe kama mbuzi anayejua zizi lake. Akarudia tena. Kila mtoto alipata wake. Hakumkosa hata mmoja. Niliacha kutazama mpira nikamtazama yeye usoni, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kila kitu mahali pake.

"Umejifunza wapi hii?"

"Bukavu, Papa. Mtaani kwetu hakuna pa tambarare. Tulikuwa na goli moja tu, sote tunashambulia huko huko. Mlima uko mkono wa kushoto. Kulia ni korongo mpaka ziwani. Mpira ukienda kulia umekwenda, na aliyepiga ndiye anaufuata. Nilichoka kuteremka."

"Na hapa kwetu?"

Akaketi kando yangu. Akauweka mpira chini ya mguu, akautembeza mbele na nyuma.

"Hapa uwanja umelala," akasema. "Mpira naupeleka, nangoja urudi. Haurudi."

"Kwa nini hukumwambia Mwalimu?"

"Nilidhani ni mimi tu sijui, Papa. Sikujua kama ni uwanja. Nimejua sasa hivi."

Tukatazamana. Mimi mzee wa miaka sitini na yeye wa kumi na tisa, tumeketi kwenye kochi katikati ya barabara iliyochimbwa, na wote wawili tumegundua jambo moja kwa wakati mmoja. Sijui kama nimewahi kukaa na mtu yeyote namna hiyo, hata na mke wangu.

Mwenye kochi akatoka kwenye geti lake akauliza kama bado tunalihitaji.

Sasa Jumamosi iliyokuwa inakuja, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya ile Jumatatu ya bosi, tulikuwa tunakwenda kucheza Kensington, kwenye uwanja wa shule uliokatwa ubavuni mwa mlima. Uwanja ule tuliuchukia. Ukisimama golini unaona kabisa upande mmoja uko juu na mwingine uko chini. Hatujawahi kushinda pale. Mipira yetu yote iliishia kwenye waya wa chini.

Ijumaa nikawaeleza. Mama akapiga mapaja. Kocha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na kipindi cha pili, mzee? Tukibadilishana magoli, mlima utakuwa kulia kwake. Itakuwaje?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mtu asikudanganye kwamba nililifikiria.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Lakini nabadilisha kura yangu. Ndiyo."

Ikawa mbili kwa moja, na kocha akakubali bila kinyongo. Kwa kuwa kura iliyogeuka ilikuwa yangu, nikasema mimi ndiye nitakayemwambia kinyozi. Nikamfuata asubuhi ya mechi kwenye kiti chake. Alikuwa na mteja amenyolewa nusu kichwa.

"Karibu mzee wangu. Umekuja kunyolewa au umekuja kuninyoa?"

"Kukunyoa."

Akazima mashine. Mteja akajishika ile nusu iliyobaki. Nikamwambia habari ya mtaa, ya watoto, ya mpira uliopanda ukarudi. Kinyozi akapuliza nywele zilizonasa kwenye mashine.

"Wewe, ambaye hata pasta akiota ndoto unamwuliza alikula nini," akasema, "unaniambia mimi hadithi ya mpira unaojirudisha?"

"Nimeuona."

"Sawa. Namba kumi si ya urithi. Lakini nakuja na viatu vyangu, na dogo akianza mambo ya shangazi, naingia mwenyewe hata msipopiga kura."

Jumamosi jua lilikuwa kali, lile la Johannesburg linalochoma huku hewa ni baridi. Watu wetu walikuwa wamekuja, akina mama na miavuli, watoto wanaongea Kizulu wao kwa wao. Refa akarusha sarafu. Tukaanza na mlima mkono wa kushoto. Kijana akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, akaangalia mlima, akavuta soksi.

Mpira wake wa kwanza ukapanda kushoto. Winga wa kulia, Mrundi mmoja fundi wa simu, akaona mpira unakwenda kule, akaukimbilia kupanda mlima. Alipofika, mpira umeshageuka, umempita nyuma, umeteremka kwenye nafasi aliyoiacha. Hapo hapakuwa na mtu. Wa pili vile vile. Wa tatu mshambuliaji naye akaukimbilia, wakagongana wenyewe kwa wenyewe.

"Eish! Kushoto tena!" watu wakalia. "Mtoeni! Mtoeni!"

Kocha akanitazama. Wenzetu wakatufunga goli moja. Kijana alikuwa anazunguka na kuomba kwa mikono, hapa, hapa, lakini nani atamwelewa? Jumatatu yake ilikuwa inamkaribia pale pale uwanjani.

Aliyeelewa wa kwanza hakuwa mimi wala kocha. Alikuwa kinyozi. Alikuwa amekaa juu ya begi la mipira, viatu ameshafunga, na nikamwona anainuka taratibu, mdomo wazi. Ukumbuke alikuwa amecheza namba ile miaka mingi. Mpira wa nne ulipopanda na kukunja na kuanguka mahali patupu, alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Kisha akakimbia kwenye mstari na tumbo lake lote.

"Msiufuate!" akapiga kelele. "Mnaufuata wa nini, nyie? Kaeni huku chini! Usubirini! Unakuja wenyewe!"

"Nani anakuja?" winga akauliza.

"Mpira, mjinga wewe! Simama hapo! Usisogee! Hapo, hapo!"

Winga akasimama, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani. Mpira ukapanda. Mabeki wa wenzetu wakaufuata wote juu, kama walivyokuwa wamefanya wetu. Ukapunguza mwendo. Ukafikiri. Ukaanza kurudi. Winga akawa peke yake na kipa, na mpira ukamfikia mguuni umechoka, mpole kabisa, unaomba kupigwa. Goli.

Watu hawakushangilia mara moja. Walitazamana kwanza, wakiulizana kama wameona walichokiona. Kisha mama mpishi akapiga kigelegele, na mlima wote ukaitika. Kabla ya mapumziko likaingia la pili, kwa njia ile ile, na wenzetu bado wanaufuata mpira juu kama kondoo.

Mapumziko yakapita. Tukabadilishana magoli, na mlima ukawa kulia kwake.

Nitasema ukweli kama ulivyokuwa. Ilikuwa aibu. Alichozoea kichwani kilimtupa kushoto, na sasa kushoto ndiko chini, kwa hiyo mpira ulikwenda kushoto mara mbili, kwa mguu wake na kwa ulalo wa uwanja. Ukagonga waya. Ukagonga waya tena. Wenzetu wakaanza kucheka, mzee wao mmoja akawa anahesabu kwa sauti. Wakasawazisha, mbili kwa mbili.

"Vua suruali, jiandae," kocha akamwambia kinyozi.

Kinyozi akavua suruali ya mazoezi, akasimama kwenye mstari. Refa alikuwa bado hajaona. Ndipo kinyozi akamshika kocha mkono.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Mwangalie dogo."

Tukamwangalia. Mpira ulikuwa umetoka, mtoto ameufuata bondeni, mchezo umesimama. Kijana alikuwa anatembea kinyumenyume kupanda upande wa kulia, macho chini. Akafika juu karibu na mstari. Akageuka akautazama uwanja kutoka kule, wote, kama mtu anayeangalia nguo kabla ya kuikata. Akauchezea udongo kwa ncha ya kiatu. Kisha akarudi katikati.

Mpira uliporudi akapiga pasi fupi ya hatua chache, kulia. Ukakunja kidogo kuteremka. Akautazama unavyokunja, hakutazama umefika kwa nani. Akaomba tena. Akapiga ndefu kidogo. Akautazama. Tena. Nikaelewa kinachotokea. Mtu alikuwa anajifunza mbele yetu. Kile alichokijenga maisha yake yote kwenye goli moja la Bukavu, alikuwa anakigeuza ndani nje kama mto wa kochi, pale pale, watu wanamzomea, bosi anamsubiri. Mimi kufunga springi kulinichukua miaka miwili ya ufagio, na nilijiona mwerevu.

"Mama yangu," kinyozi akasema taratibu. "Mama yangu mzazi."

Kisha akaupiga ule mrefu. Kwa upande wa nje wa kiatu, kwenda kulia, kupanda. Ukaenda juu sana, nikadhani amezidisha. Ukapita vichwa vya wote, ukagusa majani karibu kabisa na mstari wa juu, na hapo, kwenye ukingo wenyewe, ukasita. Nakuapia ulisita. Watu wote wa uwanja ule, wetu na wao, akina mama na miavuli, watoto, yule mzee wa kuhesabu, walinyamaza. Ukaanza kuteremka. Mabeki wakageuza shingo mmoja baada ya mwingine. Ukakata uwanja kama mkasi unavyokata kitambaa kilichonyooshwa vizuri, ukafika mbele ya goli, mahali ambapo fundi wetu wa simu alikuwa amesimama, hasogei, amejifunza, peke yake, na kipa ameanguka upande mwingine.

Winga akaupaisha juu ya mwamba wa goli. Juu kabisa. Ukaenda mpaka kwenye paa la shule.

Hakuna aliyemlaumu. Hata leo hakuna. Yule mzee wa upande wa pili alivua kofia akaishika kifuani. Kocha alikuwa amechuchumaa, mkono mdomoni. Kinyozi akaokota suruali yake ya mazoezi akaivaa tena.

"Nimepasha misuli bure," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, tena hakuyaficha.

Mechi ikaisha mbili kwa mbili.

Mama alikuwa amekuja na masufuria nyuma ya bakkie yangu. Wachezaji wakapanga mstari na sahani. Kijana alikuwa wa mwisho, ana udongo mpaka kwenye nyusi.

"Papa," akaniambia, "Ijumaa mtakaa tena?"

"Ijumaa tunakaa kila wiki."

"Lakini Jumatatu ni kabla ya Ijumaa."

Mama akasimama na mwiko mkononi. "Mwalimu, njoo hapa. Mzee, na wewe usiondoke. Kochi halipo, tutapiga kura tumesimama. Mimi ndiyo. Nyie?"

"Wiki ijayo tunacheza nyumbani, Mama," kocha akasema. "Kwenye uwanja tambarare. Atapotea tena."

"Atapotea. Halafu?"

Kocha akafikiri, akamwangalia kijana. "Halafu tutamsubiri," akasema, akainua mkono. Wangu ulikuwa umeshainuka zamani.

"Na mimi je?" kinyozi akauliza, mdomo umejaa. "Mimi sina kura?"

"Wewe una sahani mbili," mama akamjibu. "Kaa kimya."

Jumatatu kijana akamwambia bosi wake Jumamosi hawezi. Bosi akamnyima zamu nzuri miezi kadhaa, akampanga kona ya jua. Na kwenye uwanja tambarare alipotea kama kocha alivyosema, wiki hata wiki, mipira inapita chini ya magari, na kinyozi alisimama kwenye mstari akimwelekeza kwa mikono kama mtu wa maegesho: rudi kulia, rudi, rudi, simama. Hakuna aliyedai kura ya kumtoa. Mwaka uliofuata pasi zilianza kufika. Alikuwa namba kumi wetu mpaka mwisho wa 2019, na kushoto kwake hakukuisha kote.

Leo nina haya. Karakana ya Bertrams. Mashine mbili za kushona ngozi, moja nzima. Bakkie nyeupe ambayo mlango wa abiria unafunguliwa kutoka nje. Nyumba ya matofali Uvira, dada yangu anakaa humo. Mke mmoja. Watoto wanne, nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Theluthi ya timu, kwa ile kura yangu. Suti mbili za kanisani. Kochi langu mwenyewe la sebuleni, ambalo sijapata muda wa kulitengeneza. Masufuria makubwa matatu ambayo mama wa Kigoma anasema ni yake. Goti moja zima.